Vijito havikujaza Ziwa Tanganyika, na wanaovilinda si askari wa mita 60

Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda miaka hii ya karibuni na kuingia kwenye nyumba, vibanda na mialo ya Kibirizi na pwani nyingine za Kigoma, kila kijiwe kilipata mtaalamu wake. Maelezo yaliyoshinda ni haya: watu wa milimani wamelima mpaka kwenye kingo za vijito, mvua zimeteremsha tope, tope limetua ziwani, kina kimepungua, maji yakakosa pa kwenda isipokuwa majumbani mwetu. Ni maelezo matamu kwa sababu yanaonekana kwa macho. Simama darajani Luiche mwezi Machi uone mto ulivyo na rangi ya chai ya maziwa, nani atakubishia? Na hukumu nayo hutoka yenyewe: waondolewe wote waliomo ndani ya mita 60 za kingo, na kazi hiyo wapewe vikundi vya kulinda vijito vilivyoundwa vijijini. Wasipoiweza, vikundi vivunjwe, maana vipo miaka yote na mto bado ni mchafu.

Naona hukumu hiyo imekosea mahali pawili. Ziwa halikupanda kwa sababu ya tope, na kikundi cha kijito hakikuundwa ili kifukuze watu. Kazi yake hasa, ile ambayo hakuna ofisi inayoweza kuifanya kwa niaba yake, ni kuwakalisha pamoja watu wanaotumia maji yale yale na mteremko ule ule mpaka wakubaliane nani afanye nini, wapi, na nani aache. Ukikigeuza kuwa mgambo umeipoteza kazi hiyo, na mto safi huupati.

Tuanze na ziwa, maana hapo hesabu ni nyepesi. Ziwa Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi, na kina chake cha mwisho ni mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na Baikal peke yake. Ili tope liinue uso wa ziwa kwa mita moja tu, ingebidi ziingie mita za ujazo karibu bilioni 33. Kwa tipa linalobeba mita 10 za ujazo, hizo ni safari zaidi ya bilioni 3. Tungegeuka sote kuwa wachimba mchanga, tangu Kakonko mpaka Uvinza, tusingeifikia. Ziwa hili hupanda na kushuka kwa hesabu nyingine: mvua na mito huleta maji, jua hukausha sehemu kubwa, na kinachobaki hutokea ng'ambo, kwa mto Lukuga pale Kalemie nchini Kongo, ambao ni mlango mwembamba. Mvua zikizidi kwa miaka mfululizo, mlango unazidiwa. Si mara ya kwanza. Katika karne ya 19 Lukuga ilikuwa imeziba, ziwa likapanda hadi kizibo kilipopasuka mwaka 1878, kisha maji yakashuka kwa mita kadhaa. Nenda Ujiji penye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana pale mwaka 1871, kisha utafute ufuo. Utatembea.

Nasisitiza hili kwa sababu hoja mbovu huwaponza hata wenye nia njema. Kikundi kikijengewa sababu ya kuwepo juu ya madai kwamba kinazuia ziwa lisifurike, siku ziwa litakaposhuka lenyewe kama lilivyowahi kushuka, watu watasema kazi imekwisha, kamati ziende nyumbani. Na mvua zikirudi, lawama zitamrudia mama mwenye tuta la mchicha kandokando ya kijito huko juu, ambaye hana uwezo wa kuinua ziwa hata kwa unene wa unywele.

Tope la vijito lina madhara, tena makubwa, ila yako karibu kuliko tunavyodhani. Linatua pale mto unapoingia ziwani na kwenye miamba ya pwani jirani. Humo wanaishi wale samaki wadogo wa rangi rangi ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wanakula ukoga wa kwenye mawe, wanazalia kwenye mianya. Mawe yakivikwa tope, chakula kimefukiwa na kitalu kimefukiwa. Watafiti waliochunguza pwani za kaskazini mwa ziwa hili katika miaka ya 1990 walikuta aina chache za viumbe mahali palipopokea tope jingi kuliko mahali palipokuwa safi. (Dagaa na migebuka ni habari nyingine, hao ni wa maji ya wazi na wana shida zao, mpaka serikali ikafunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Tusiutwike mchicha na hiyo pia.) Kabla hata ya kufika ziwani, tope limeshaziba mabanio ya maji ya mserereko vijijini, yaani maji yanayoteremka yenyewe bila pampu, limejaza mifereji ya mpunga katika bonde la Luiche, limefukia kidimbwi ambacho wanawake walizoea kuchota kwa kata. Mto mkubwa kama Malagarasi una bahati: kabla ya kufika ziwani unapita kwenye madimbwi na mafunjo ya Malagarasi-Muyovozi, ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 2000, na humo unaacha sehemu ya mzigo wake. Vijito vinavyoporomoka kutoka kwenye milima ya pwani ya Kigoma havina chujio la namna hiyo. Mvua ikinyesha adhuhuri, jioni tope liko ziwani.

Sasa mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hunukuliwa kila mahali, kwenye mabango, kwenye hotuba, hata misikitini na makanisani, lakini hunukuliwa nusu. Hakisemi mtu asionekane ndani ya mita 60. Kinakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi wa kingo za mito, fukwe na mabwawa. Kuna maneno mawili ya kupimia hapo: kudumu na kuathiri. Katika safari ya kutoka kitabu cha sheria mpaka kwenye mkutano wa hadhara, maneno hayo yameanguka njiani, imebaki namba peke yake. Namba ni rahisi kubeba.

Ipige namba hiyo ardhini uone inafanya nini. Kijito cha kilomita 3, mita 60 kila upande, ni utepe wa upana wa mita 120; jumla hekta 36, karibu ekari 90. Kwenye tambarare hiyo ni pindo la nguo. Lakini vibonde vyetu ni vyembamba, mara nyingi kutoka mguu wa mlima huu mpaka mguu wa mlima wa pili hazifiki hata hizo mita 120. Kwa hiyo mita 60 si kingo za mto tena, ni bonde zima. Na bonde ndilo sehemu pekee yenye unyevu kuanzia Juni hadi Septemba, mlima wote ukiwa umekauka. Humo ndimo linapolimwa tembele, mchicha, nyanya na mahindi ya kuchoma, na wanaolima kwa sehemu kubwa ni akina mama, kwa sababu mashamba makubwa ya mlimani ni ya familia nzima, ila kijaruba cha bondeni pesa yake huingia mkononi mwake moja kwa moja. Ukimwambia mama huyo atoke, hatoki kwenda mjini kuuza maandazi. Anapanda mlimani kufungua shamba jipya kwenye mteremko, na huko ndiko tope linakozaliwa. Tumemtoa mahali ambapo udongo umelala, tukampeleka mahali ambapo udongo unasubiri mvua tu uondoke.

Wanaotaka mita 60 zisimame kama ukuta wana hoja, na si ndogo. Wanasema mstari mmoja kila mtu anauelewa, hauhitaji mtaalamu wala kikao. Wanasema makubaliano ya kijiji huelemea upande wa mwenye sauti na mwenye pesa: leo mmeruhusu mchicha, kesho diwani ana shemeji yake anayefyatua matofali. Hapo wako sahihi, na mimi nimeona. Tanuru la matofali likikaa kando ya kijito, humaliza vyote kwa mpigo: udongo wa ukingo unachimbwa, maji yanavutwa kukandia, na kuni za kuchomea zinakatwa hapo hapo juu. Likishaondoka linaacha shimo ambalo masika yajayo huwa ni mlango mpya wa mto. Kukamulia mawese kijitoni ni vilevile. Anayejua kazi hiyo anajua maji yanavyohitajika kuchemshia na kutenga, na anajua yale mabaki mazito ya kahawia, yenye mafuta na harufu ya kuchacha, yanakomwagwa. Kijito kidogo wakati wa kiangazi hakiwezi kubeba uchafu huo. Kwa mambo kama haya mawili ukuta unafaa, na kikundi chochote kinachoyafumbia macho hakistahili kutetewa.

Ila ukuta huo huo una upofu wake, na mfano mzuri kuliko wote ni mchikichi. Tangu mwaka 2018 serikali, Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa akiwa mbele, imeufanya mchikichi kuwa zao la kimkakati Kigoma. Kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha mbegu na miche, halmashauri zinagawa. Mchikichi unapenda unyevu, na tangu mababu umesimama mabondeni. Sasa pima kwa neno la kwanza la sheria: mti unaozaa miaka zaidi ya 20 ni shughuli ya kudumu, basi utoke. Pima kwa neno la pili: mizizi yake imeshika ukingo, chini yake haijalimwa kwa jembe kila msimu, haupigwi dawa kila wiki kama nyanya, je, unaathiri? Nyanya si ya kudumu, lakini ndiyo inayofukua udongo na kuacha sumu. Mwananchi anapewa mche na bwana shamba asubuhi, jioni anaambiwa na mtu wa mazingira kwamba alipoupanda ni marufuku. Mstari wa mita hauwezi kulijibu swali hilo. Lazima waketi watu wanaolijua bonde lenyewe: hapa michikichi ibaki na chini yake pawe na majani, pale nyanya zihame ng'ambo ya ukanda wa mabingobingo, na pale chemchemi inapotokea asiguse mtu kabisa. Na mikaratusi iliyopandwa kwenye chemchemi kwa sifa za siku ya miti ikatwe, maana mti ule unakunywa maji kuliko ng'ombe wa kijiji kizima.

Nina kisa kimoja tu. Mwaka juzi, baada ya mvua za kwanza, nilifika kwenye kijiji kimoja ambacho kijito chake kinaingia Luiche. Kikundi chao kina watu kama 20, wengi wao wanawake wa makamo. Katibu wao alinionyesha chupa za plastiki za lita moja na nusu, zimepangwa dirishani, kila moja imebandikwa karatasi yenye tarehe. Baada ya kila mvua kubwa huchota mbili: moja juu ya kalavati la barabara, moja chini yake. Huziacha zikalala mpaka asubuhi, kisha hupima tope lililotuama kwa rula ya mwanawe na kuandika kwenye daftari la hesabu la shule. Chupa ya juu ilikuwa na utando tu, unene wa sarafu. Ya chini ilikuwa na tope la vidole viwili vilivyolala. Nikamwuliza kuna shamba gani kati ya chupa hii na hii. Akacheka. "Mwanangu, hapo hakuna shamba. Hapo kuna barabara." Tukapanda. Greda lilikuwa limepita kabla ya mvua, limekwangua majani yote ya pembeni, na mtaro umechongwa kuteremka moja kwa moja mpaka kwenye kalavati, bila mahali hata pamoja pa kuyapumzisha maji. Chini ya kalavati korongo jipya lilikuwa limefikia kiuno changu. Nilihesabu hatua kutoka kijitoni hadi mahali mtaro unapoanzia: 430 na ushee. Nje kabisa ya mita 60.

Chupa mbili si utafiti, nakubali. Lakini kanuni iliyomo ndani yake inajulikana kwa kila anayeshughulika na udongo: maji yanayotambaa mlimani yametawanyika hubeba kidogo, na maji hayo hayo yakikusanywa kwenye njia moja iliyo tupu hubeba mlima. Njia ya ng'ombe, njia ya bodaboda inayokata moja kwa moja kufuata mteremko, mtaro wa barabara, uwanja wa shule uliofagiliwa ukawa kama sakafu, hivyo ndivyo vinavyokusanya. Kwa hiyo eneo la kulinda si ukanda wa kingo. Ni kidakio, kama wanavyosema wataalamu wa maji, yaani ardhi yote ambayo mvua ikidondoka juu yake hatimaye itashukia kijito hicho. Mama yule na chupa zake alikuwa amekifahamu kidakio chake kuliko ripoti yoyote niliyowahi kusoma kuhusu bonde hilo. Na kwenye taarifa ya kata, niliyoisoma siku hiyo hiyo imebandikwa ukutani, kikundi chake kilikuwa na mstari mmoja: idadi ya miche iliyopandwa. Chupa hazikuwamo.

Wengi hawajui kwamba sheria ya maji inavipa vikundi hivi uzito zaidi ya jembe na miche. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, inaruhusu watumiaji wa chanzo kimoja kuunda jumuiya ya watumia maji. Jumuiya hiyo inaweza kusimamia, kugawa na kutunza maji wanayoyatumia kwa pamoja, kuomba na kushika kibali cha kutumia maji, kusuluhisha migogoro ya wanachama wake, kukusanya ada kwa niaba ya bodi ya maji ya bonde, na kusemea maslahi ya mazingira. Kusuluhisha na kusemea: maneno hayo yameandikwa na Bunge. Sisi huku Kigoma bodi ya bonde la Ziwa Tanganyika ina makao yake mjini hapa hapa, hatuhitaji kupanda treni kwenda kuuliza. Tena serikali ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, zikipitishwa na mkutano mkuu na kuridhiwa na halmashauri. Ukiunganisha hivyo viwili, jumuiya yenye usajili na sheria ndogo inayosema kwa majina ya maeneo nini kinaruhusiwa wapi, unapata kitu chenye meno kuliko bango la mita 60, na ambacho watu wamekitunga wenyewe.

Sitavipamba vikundi. Kosa lao kubwa ni kwamba vimejaa watu wa bondeni. Wenye mashamba ya miteremkoni, na hasa wenye mashamba wanaoishi mjini na kumwachia kibarua, hawamo, na ndio wenye udongo unaotembea. Kikundi cha wanaopokea tope hakiwezi kukubaliana na wasiokuwepo kwenye kikao. Kingine ni fedha. Vingi viliundwa siku mradi fulani ulipokuja, vikapewa koleo, mabuti na posho ya semina, na mradi ulipofunga daftari wenyekiti wakabaki na mihuri. Nimewahi kukuta mhuri wa kikundi umetunzwa vizuri kuliko kitalu chao. Hayo ni ya kweli, lakini kuyatumia kama sababu ya kuvigeuza vikundi kuwa wakala wa kufukuza watu ni kutibu kichwa kwa kukata mguu. Kikundi kilichokosa watu wa mlimani kinahitaji watu wa mlimani.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa na wenye kauli mjini, ni hii: kwa nini tuhangaike na vijito wakati mji unavuta maji ziwani, na ziwa hilo haliwezi kwisha? Anayesema hivyo amesahau kwamba pampu hupandisha maji kwa umeme, na umeme una bili. Kila mita ya mlima ni shilingi. Vijiji vya juu, Buhigwe na sehemu kubwa ya Kasulu na Kigoma Vijijini, vinategemea chemchemi na vijito kwa sababu maji ya mserereko hayalipi umeme. Kuyafikisha kwao maji ya ziwa ni ndoto ya gharama kubwa kuliko kuzitunza chemchemi zao. Na hata huo mji: mtambo unaovuta maji uko pwani, si katikati ya ziwa, na pwani ndiko tope linakotua. Kilomita za ujazo zilizolala kwenye kina cha mita elfu moja hazimsaidii fundi anayeosha machujio yaliyoziba kila mvua kubwa inapopita. Ukubwa wa ziwa unathibitisha kwamba tope halijalijaza. Hauthibitishi kwamba tope halitudhuru. Ajabu ni kwamba mtu yule yule anayesema kijito kimelijaza ziwa ndiye anayesema kijito hakiwezi kulidhuru, inategemea siku hiyo anataka kumfukuza nani au anataka kukwepa kulipia nini.

Kigoma ina kumbukumbu yake katika jambo hili, na tungeitumia vizuri zaidi. Mtafiti Jane Goodall alipofariki Oktoba 2025, zilizoandikwa nyingi zilikuwa habari za sokwe wa Gombe, na ni haki yao. Lakini taasisi yake ilianza mwaka 1994 kazi ya vijijini iliyoitwa TACARE kwa sababu milima nje ya mipaka ya hifadhi ilikuwa imebaki uchi. Ilianza kama kazi ya kurudisha miti. Haikuchukua muda ikaonekana kwamba mtu asiye na maji safi, zahanati wala shule hana nafasi ya kumsikiliza mgeni wa miche, ikabidi kazi ianze na hayo anayoyataka mwanakijiji. Matunda yake ya kudumu ninayoyaona mimi ni mipango ya matumizi ya ardhi ambayo vijiji vilikaa na kuichora, vikatenga misitu yao wenyewe, na mahali pengine visiki viliachwa tu vikachipua. Miombo ukiiacha inarudi bila kitalu. Kuhesabu miche ni kuhesabu jasho la siku moja. Kisiki kilichochipua mlimani kina maana kwamba watu fulani, kwa miaka kadhaa, walikubaliana kutokikata, na hiyo ndiyo kazi ngumu.

Haya yakikubalika, kuna mambo yanayobadilika ofisini. Taarifa ya kata iulize nini kilikubaliwa, na nani hakuwepo, kabla ya kuuliza miche mingapi. Daftari la chupa liingie kwenye kumbukumbu za bodi ya bonde, hata kama rula yake ni ya mtoto wa darasa la tatu, kwa sababu ni kumbukumbu za mvua kwa mvua ambazo gari la ofisi halitawahi kuzipata. Gari hufika siku mbili baadaye, maji yakiwa yameshatulia. Pesa nazo: kilimo cha umwagiliaji katika bonde la Luiche na mtumiaji yeyote mkubwa mwenye kibali wanalipa ada ya maji, na sehemu ya ada hiyo ikirudi kidakioni kwa jumuiya iliyosajiliwa, kwa kazi iliyokubaliwa na kukaguliwa, haitakuwa sadaka. Itakuwa malipo kwa aliyezuia mfereji wako usizibe. Mita 60 zibaki kwa matanuru, kwa uchafu wa mawese, kwa nyumba, kwa kuoshea pikipiki, kwa chemchemi zenyewe. Kwa mengine, kijiji kikae.

Na barabara. Hapa ndipo nitakapowaudhi wengi, kwa kuwa barabara ni kitu ambacho hakuna diwani anayethubutu kukisema vibaya. Siipingi. Ninachotaka ni kwamba mkandarasi asichonge mtaro mlimani kabla hajaonyesha kwenye mkutano wa kijiji maji yake yatatokea wapi, na jumuiya ya kijito iwe na haki ya kusema hapana, yageuzeni kabla ya pale. Mitaro ya kutolea maji pembeni kila baada ya mita kadhaa, mawe machache chini ya kalavati, majani yaachwe pembeni badala ya kukwanguliwa: hakuna lolote kati ya hayo lililo geni kwa fundi wa barabara. Huachwa tu, kwa sababu aliye chini ya kalavati hayumo kwenye mkataba.

Wiki iliyopita nilimpigia katibu yule. Daftari la kwanza limejaa, amenunua la pili. Greda limesharudi, linaanza kuchonga upya kabla ya mvua za Oktoba. Alikwenda ofisi ya kijiji kuuliza mtaro wa safari hii utaelekezwa wapi. Akaambiwa hilo si la mazingira, ni la barabara, kisha akaulizwa mwaka huu wamepanda miche mingapi.